MBEGU NA CHUNGU: NAMNA MPUNGA WA KISASA ULIVYOINGIA MABONDENI KWETU

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Tibirinzi, tumeona si vyema kitabu hiki kijae hesabu za hisa na picha za sherehe peke yake. Akina mama wengi wa kikundi hiki ni wakulima wa mpunga, na sehemu kubwa ya mikopo yetu huishia bondeni. Kila ikikaribia masika suala lile lile hurudi mbele ya sanduku. Mwenzetu anasimama, anaomba mkopo wa mbegu mpya, mbolea na gharama za kuburuga. Baadhi yetu husema apewe. Wengine huuliza: "Na ikikataa mbegu hiyo, atalipa na nini?"

Suala hilo si dogo. Fedha iliyomo sandukuni ni jasho la wanachama wote. Mbegu ikishinda, nyumba hula mpaka vuli na mkopo hurudi. Mbegu ikishindwa, huyo mama hana wali na deni analo. Ndio maana tumeamua kuandika historia hii fupi ya mpunga kisiwani kwetu, tupate kufahamu ni kitu gani hasa kinachomfanya mkulima aikubali mbegu mpya au aiache.

Kubadili mbegu si jambo geni Pemba

Watu hupenda kusema kwamba mkulima wa Pemba ni mgumu, hataki mabadiliko. Historia inakataa. Huko kaskazini ya kisiwa chetu, Tumbe na Chwaka, wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kukuta punje zilizoungua katika majaa ya watu wa zamani. Mtafiti Sarah Walshaw alizichunguza punje hizo na kutoa matokeo yake mwaka 2010. Katika mji wa Tumbe, uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kubwa ilikuwa uwele. Katika mji wa Chwaka, uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotawala.

Maana yake ni kwamba wazee wetu waliacha nafaka waliyoizoea wakachukua nafaka iliyotoka ng'ambo ya bahari, Asia. Hapakuwa na bwana shamba wala semina. Mpunga ulikubaliana na mabonde yetu yenye maji, na ulikuja katika wakati ambao miji ilikuwa inakua, Uislamu unaenea na wageni wa biashara wanakaribishwa kwa chakula cha heshima. Basi tangu siku hizo ilikuwa vivi hivi: udongo umekubali, na sahani imekubali.

Walipokuja Wareno katika karne ya 16, waliikuta Pemba ni kisiwa cha neema. Mchele wa Pemba ulipelekwa Mombasa, na hata askari wa ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, walitegemea chakula cha kisiwa hiki. Sisi tuliolelewa kwa mchele wa polo kutoka nje yafaa tulikumbuke hilo. Pemba iliwahi kulisha wengine.

Karafuu zilipanda juu, mpunga ukabaki chini

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba haikuumia namna ile, na baada ya hapo karafuu zikashika vilima vyetu vyote. Fedha iliingia, lakini shughuli za chakula zikarudi nyuma. Mchele ukaanza kuja kwa meli kutoka India na Burma. Wanaume wakawa watu wa karafuu na bahari. Bondeni akabaki mama na jembe lake, na mpaka leo mpunga wa Pemba kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya wanawake.

Kila meli ilipokatika tulikumbushwa bonde. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele wa huko ulikatika na watu wakahimizwa kulima chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilibana uingizaji wa chakula kwa shabaha ya kujitegemea, na wazee wetu hadi leo wanahadithia foleni na mihogo ya wakati ule. Kuanzia 1984 na 1985 biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa, lakini katika miaka hiyo hiyo bei ya karafuu ilianguka vibaya kwa kuwa Indonesia, mnunuzi mkubwa, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake. Mchele ukawa upo dukani, fedha ya kuununulia haipo. Mwaka 2008 bei ya mchele ilipanda dunia nzima. Mwezi wa Julai 2023 India ikazuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, na ikaja kufungua Septemba 2024. Kila mara anayepigwa ni yule asiye na kitu ghalani.

Kwa hivyo hamu ya kuvuna zaidi katika kipande kile kile cha bonde haikuletwa na mtaalamu. Imeletwa na njaa na bei.

Mbegu mpya zilivyokuja

Mwaka 1960 ilianzishwa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga huko Ufilipino, na mwaka 1966 ikatoa mbegu iliyoitwa IR8. Ilikuwa fupi, haianguki, inakula mbolea vizuri, na mavuno yake yalikuwa makubwa mno hata watu wakauita mpunga wa miujiza. Lakini wali wake ulikuwa mgumu ukipoa, na wapishi wa huko huko Asia waliulalamikia. Ikabidi wataalamu warudi kazini watafute mbegu zenye mavuno na ladha pamoja. Mbegu za ukoo wa IR zikasambaa baadaye hadi Afrika ya Mashariki, na hapa Zanzibar IR 64 ni jina linalojulikana.

Sisi wenyewe tulikuwa na mbegu zetu za kurithi, kama Supa na Ringa. Supa haina haja ya kusifiwa: ukiupika, jirani anajua. Lakini ni mrefu, upepo ukipiga hulala, na hukaa shamba muda mrefu. Bara, watafiti wa Morogoro walitoa mwaka 2002 mbegu ya TXD 306, ambayo wakulima wanaiita SARO 5. Ni fupi, ina harufu kiasi, na ikipata maji na matunzo huzaa vizuri sana. Kutoka Afrika Magharibi zikaja NERICA, zilizopatikana kwa kuchanganya mpunga wa Asia na mpunga wa asili wa Afrika. Kiongozi wa kazi hiyo, Monty Jones wa Sierra Leone, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004. NERICA hukomaa haraka, nyingine kwa siku 90 hadi 100 tu, nazo zinaweza kulimwa hata juu pasipo na maji ya kusimama.

Halafu mwaka 2011 ikatolewa rasmi hapa Zanzibar mbegu ya Supa BC. Hiyo ni Supa ile ile yetu iliyopigwa mionzi na kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi na watafiti wa Kizimbani, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mionzi hupigwa punje za mwanzo peke yake ili zibadilike; wali unaokula wewe hauna mionzi. Tunalisema hili kwa sababu kuna waliotishwa. Kwa mawazo yetu Supa BC ina fundisho: kuna mtaalamu aliyekubali kuanza na mbegu ambayo chungu kilishaipitisha.

Kitu gani humfanya mkulima akubali?

Tumezungumza sana juu ya hili katika vikao vyetu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

La kwanza ni chungu. Mpunga wa Pemba wengi wetu tunalima kwa kula, si kwa kuuza. Mfanyabiashara wa mashamba makubwa atauliza magunia mangapi kwa ekari. Mama wa Chake Chake atauliza zaidi: unavimba? Unakubali nazi? Ukilala unafaa asubuhi? Unga wake unatoa vitumbua na mkate wa kumimina? Mbegu inayozaa sana lakini wali wake ni kama mapembe ya dukani, mtu anaona bora anunue hayo mapembe apumzike. Watu wakiona hivyo husema wakulima hawajaelimika. Sisi tunasema huo ndio uelimikaji wenyewe.

La pili ni maji. Mbegu fupi za kisasa zilitengenezwa kwa ajili ya majaluba yenye kuta na maji yanayotawalika. Ukiipeleka mbegu fupi katika bonde linalojaa mafuriko, itazama. Ukiipeleka pasipo na maji, itakuzidi kwa hasara kuliko Ringa. Huko Moshi, mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, wakulima waliipokea mbegu ya IR 54 kwa wingi. Mfereji ulitangulia, mbegu ikafuata. Mpango mkuu wa umwagiliaji wa Zanzibar ulionesha zaidi ya hekta 8,000 zinazofaa Unguja na Pemba, na mabonde kama Makwararani na Mlemele hapa Pemba yaliingizwa katika mradi mkubwa wa mkopo kutoka Korea ya Kusini. Lakini mabonde mengi bado yanategemea mvua ya Mungu, na baadhi ya yale ya pwani yameingiwa na maji ya chumvi. Mama wa bonde la chumvi hana haja na mbegu ya magunia mengi. Ana haja na mbegu isiyokufa.

La tatu ni jirani. Miaka ya 1940 watafiti wawili wa Marekani, Ryan na Gross, walichunguza wakulima wa mahindi katika jimbo la Iowa. Walikuta kwamba wengi walizisikia mbegu mpya kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini aliyewafanya waamini ni jirani aliyekwisha kuzipanda. Tena hawakupanda shamba zima mara moja. Walianza na kipande. Haya yaliandikwa mwaka 1943, mbali na kwetu, lakini ungefikiri wamekaa barazani Tibirinzi. Mambo ya bondeni hayafichiki. Kila apitaye anauona mpunga wa mwenziwe, na siku ya kuvuna anajua umetoka pishi ngapi. Skuli za wakulima zilizoanzishwa Unguja na Pemba katika miaka ya 2000 zilifuata njia hiyo: watu wapande pamoja, wapime pamoja, wahukumu wenyewe.

Na jirani ana nguvu kwa njia nyengine ambayo vitabu huipita haraka. Ukipanda mbegu ya siku 100 peke yako katikati ya bonde la Supa, wako utaiva kwanza, na ndege wote wa bonde watakuwa wageni wako. Utaamia tangu alfajiri mpaka magharibi, na wewe una watoto na chungu jikoni. Wengi walioiacha mbegu ya mapema hawakuiacha kwa ubaya wake. Iliwashinda kwa upweke. Mbegu ya namna hiyo yataka bonde zima likubaliane.

La nne ni kazi. Kumwaga mbegu ni kazi ya asubuhi moja. Kuatika ni kazi ya kuinama siku kadhaa. Kwa upande wa mbegu kuatika kuna nafuu: kwa kumwaga, ekari moja hutaka kiasi cha kilo 30, kwa kuatika kiasi cha kilo 10 hutosha. Ule mtindo wa shadidi, ulioanzia kwa jirani zetu wa Bukini, hutumia mche mmoja mmoja mchanga kwa nafasi ya sentimita 25, na mbegu hupungua zaidi. Lakini nafuu ya mbegu hulipwa kwa mgongo na kwa palizi. Na wanaovuna kwa kisu, suke moja moja, wanajua mpunga mfupi unavyoumiza kiuno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga wamesema, ila hawakusema ainame ekari nzima. Pasipo na mikono ya kusaidiana, mbegu bora hubaki katika mfuko.

La tano ni ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa eka tatu tatu, lakini mabondeni wengi wetu tunalima kwa kuazimwa, msimu kwa msimu. Mtu atajenga ukuta wa jaluba na kutia mbolea katika kipande ambacho mwakani huenda akaambiwa mwenyewe anakitaka? Mkulima asiye na hakika ya mwakani hupanda mbegu ya mwaka huu tu.

La sita ni maradhi. Ule ugonjwa wa virusi unaougeuza mpunga rangi ya manjano, ambao Bara wanauita kimyanga, uligunduliwa mara ya kwanza karibu na Kisumu, Kenya, mwaka 1966, na watafiti waliuandika hapa Zanzibar katika miaka ya 1990. Hauenezwi na mbegu. Huenezwa na vidudu vya mbawakavu, na hata mikono na zana zilizogusa mche mgonjwa. Mkulima aliyepoteza kipande chake kwa manjano katika mwaka aliojaribu mbegu mpya, ataitupia lawama mbegu. Hapo ndipo elimu inapotakiwa, aweze kujua adui ni nani.

La saba ni wakati. Mbegu inayofika baada ya masika kushika ni sawa na daktari anayefika baada ya maziko. Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya kuburuga, mbegu na mbolea, nayo imesaidia sana. Lakini kila mmoja wetu ana kumbukumbu ya msimu ambao trekta lilichelewa na kitalu kikapitwa na umri wake. Mvua haisubiri karatasi kutiwa saini.

Sanduku limefanya nini?

Vikundi vya namna yetu, vya hisa na sanduku lenye kufuli tatu, vilianzia Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini. Unguja vilishika mizizi kwenye vijiji vya Jozani, na Pemba vikaenea kwa wingi baadaye. Benki haikopeshi kwa dhamana ya jaluba la kuazimwa. Sanduku hukopesha kwa dhamana ya kujuana.

Katika miaka hii kumi tumeona sanduku likibadilisha mambo matatu. Kwanza, mama ana fedha mkononi kabla ya mvua, kwa hivyo anaweza kulipia trekta na mbegu bila kumsubiri mtu wala kuuza kuku wake. Pili, anaweza kujaribu bila kuangamia, kwa sababu anapanda kipande kidogo kwa mkopo mdogo, na kipande kikubwa kinabaki na mbegu anayoijua. Tatu, na hili ndilo kubwa, kikao cha kila wiki kimekuwa skuli. Mwenzetu akiulizwa mbele ya kufuli tatu mbegu yake imefanyaje, hawezi kutia chumvi. Wenziwe wamepita bondeni, wameona.

Hivyo basi kwa miaka inayokuja tunapendekeza haya kwa wanachama:

Mkopo wa mbegu mpya utolewe kwa watu wawili watatu wa bonde moja kwa pamoja, wapande siku zinazokaribiana, ili wasaidiane kuatika na kuamia. Mkopo huo ulipwe baada ya mavuno, usilipwe kila wiki, kwani mpunga hauna mshahara. Mwenye kujaribu aanze na jaluba moja. Mbegu isafishwe kwanza kwa maji ya chumvi: tia chumvi mpaka yai bichi lielee, tumbukiza mbegu, zinazoelea zitoe, zinazozama zioshe kwa maji baridi ndizo za kupanda. Mpunga si kama mahindi chotara. Ua lake hujichavusha lenyewe, kwa hivyo mbegu safi unaweza kuihifadhi misimu kadhaa ukichagua masuke mazuri na usichanganye. Kila avunaye mbegu mpya alete pishi moja kikundini, ikopeshwe kwa mwengine kama inavyokopeshwa hisa. Na kabla ya kuisifu mbegu yoyote, tuipike kwanza tuionje sote.

Kwa wafadhili, mabwana shamba na mabibi shamba wanaotusaidia, tunatoa shukrani za dhati, na ombi moja. Msije na mbegu mkononi mkauliza kwa nini hatuitaki. Njooni mapema, kaeni bondeni, ulizeni maji yanatoka wapi, ardhi ni ya nani, nani ataamia, na wali unaliwa na mchuzi gani. Majibu hayo yakishapatikana, mtaona wenyewe kwamba mama wa Pemba si mgumu. Wazee wake waliuacha uwele wakachukua mpunga, na yeye ameiacha benki isiyomjua akachukua sanduku. Anachotaka ni kuona kabla ya kuamini, kwa sababu akikosea, mlo wa watoto ndio unaopungua.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo cha mchele. Mwenyezi Mungu auzidishie kikundi chetu umri na baraka, na ayajaze mabonde yetu. Amin.